Ufunguo wa Ghala

Mkulima wa Kilimarondo, magharibi mwa Wilaya ya Nachingwea, anapolala dunguni mahindi yakikomaa, silaha zake zinahesabika: debe bovu, tochi, kijinga cha moto, na kamba ya katani iliyozungushwa shambani, yenye matambara yaliyopakwa oili chafu na pilipili ya kusaga. Tembo hawapendi pilipili, ingawa wenye njaa hujifunza kuivumilia. Hapo ndipo debe linapopigwa, majirani wanaitana kwa mayowe, na aliyebahatika kupewa mabomu baridi na askari wa wanyamapori analipua moja. Kukicha, mahindi yamelala chini, na mwenye shamba anaanza safari ya kufuatilia fomu za kifuta jasho.

Miongoni mwa wakulima hao wapo waliopitia JKT au mafunzo ya mgambo. Wanajua kuifungua bunduki, kuisafisha, kuilenga na kuirudisha. Bunduki wameishika, hawajawahi kuimiliki. Tofauti ya vitenzi hivyo viwili inaonekana ndogo, lakini iko nchi ambayo imegawanyika pande mbili kwa sababu yake.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 haitaji haki ya raia kuwa na bunduki. Ibara ya 14 inampa kila mtu haki ya kuishi na ya kupata kutoka kwa jamii hifadhi ya maisha yake. Ibara ya 24 inalinda haki ya kumiliki mali. Bunduki haimo katika zote mbili. Imewekwa ndani ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na humo ni kitu cha kuombwa: mwombaji anaanzia kwa viongozi wa kijiji au mtaa wanaomfahamu, kisha faili linapanda polisi na kwenye kamati za ulinzi na usalama. Ni njia ndefu. Makadirio ya Small Arms Survey ya mwaka 2017 yaliiweka Tanzania chini ya bunduki moja kwa kila wakazi 100. Marekani ilikuwa na 120.

Cha ajabu ni kwamba Wamarekani walianzia mahali ambapo mgambo wa Kilimarondo anapaelewa vizuri. Marekebisho ya Pili ya Katiba yao, ya mwaka 1791, yanataja kwanza kikosi cha raia kilichopangwa vizuri, yaani mgambo, ndipo yakataja haki ya watu kuwa na silaha. Wanasheria walibishana miaka mingi iwapo nusu ya kwanza ya sentensi hiyo inaifunga ya pili. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ikaamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba haiifungi. Mlalamikaji, Dick Heller, alikuwa mlinzi jijini Washington. Kazini alibeba bastola kwa ruhusa ya wakubwa, lakini sheria ya jiji ilimkatalia kuwa nayo nyumbani kwake. Mahakama ikampa haki, na papo hapo ikalifuta sharti la kwamba bunduki ya nyumbani iwe imefunguliwa vipande au imetiwa kufuli. Heller ni mgambo aliyegoma kurudisha bunduki ghalani, na mahakama ikasema yuko sahihi.

Tanzania ilikwenda njia nyingine. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, uliotoka muda mfupi baada ya Guinea kuvamiwa na Idi Amin kuipindua serikali ya Uganda, ulitaka mafunzo ya mgambo yaenee nchi nzima. Miaka michache baadaye mgambo walikwenda vitani Kagera. Hata hivyo, ulinzi wa umma haukutafsiriwa kuwa bunduki chini ya kitanda cha kila mtu. Umma ulijifunza, ghala likatunza. Na ghala nalo huvuja: baadhi ya silaha za vita hiyo ziliishia kwenye wizi wa ng'ombe kule Tarime.

Nachingwea inaujua mgogoro huu wa nani ashike bunduki kwa ndani kuliko wilaya nyingi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walileta huku mradi wa karanga, ambao baadhi ya matrekta yake yalikuwa vifaru vya kivita vilivyobadilishwa. Mradi ulikufa mwaka 1951. Katika miaka ya 1960 ikatokea kinyume chake: ardhi ya kilimo ikawa kambi ya jeshi. Katika eneo linalojulikana kama Farm 17, FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, iliwafunza maelfu ya wapiganaji chini ya Samora Machel, na Mei 1975 Machel alianzia safari yake ya ushindi Nachingwea kuelekea Maputo. Bila bunduki hizo Msumbiji isingekuwa huru tarehe 25 Juni mwaka ule. Lakini mwezi huohuo wa Mei, kambini hapo hapo, Uria Simango, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa FRELIMO, alisimamishwa mbele ya umati akalazimishwa kusoma maungamo. Yeye na wenzake waliuawa baadaye bila kufikishwa mahakamani. Kambi moja, mwezi mmoja, silaha zilezile.

Kwa hiyo mtetezi wa haki ya bunduki akisema bunduki haiui, anayeua ni mtu, asibezwe. Nachingwea ni shahidi wake: chuma hakikubadilika, walibadilika waliokishika. Kauli hiyo inafundisha kwamba swali la kwanza ni tabia ya mtu, na kwamba mwenye nia mbaya atatafuta panga au jiwe.

Ipo hesabu moja inayoitikisa kauli hiyo. Mwaka 2023 bunduki ziliua watu 46,728 Marekani. Kati yao, 27,300 hivi walijiua wenyewe, sawa na 58%. Katika mjadala unaohusu majambazi, wahuni na haki ya kujilinda, zaidi ya nusu ya wafu hawakuuawa na jambazi wala mhuni. Aliyelinda na aliyelindwa walikuwa mtu mmoja, na ulinzi ukageuka ndani ya nyumba ileile.

Mtetezi ana jibu la haraka: aliyeamua kufa hazuiwi na kufuli. Jibu hilo limebeba picha fulani ya nia ya mwanadamu. Linaichukulia nia kama mto unaoelekea baharini: ukiuziba hapa, utapitia kule. Kama picha hiyo ni ya kweli, kudhibiti bunduki ni kupoteza muda.

Uingereza iliipima bila kukusudia. Gesi ya kupikia iliyotokana na makaa ya mawe ilikuwa na sumu, na watu wengi walikufa kwayo kwa mikono yao. Gesi hiyo ilipobadilishwa hatua kwa hatua kwa sababu za kiuchumi, vifo vya kujiua England na Wales vilishuka kutoka 5,714 mwaka 1963 hadi 3,693 mwaka 1975. Maisha hayakuwa yamegeuka mepesi. Ukosefu wa ajira ulikuwa unaongezeka. Huko San Francisco, mtafiti Richard Seiden aliwafuatilia watu 515 waliozuiwa kujirusha kutoka daraja la Golden Gate kati ya 1937 na 1971. Miaka mingi baadaye, karibu 94% walikuwa hai au wamekufa kifo cha kawaida. Jeshi la Israel nalo lilipoamua mwaka 2006 kwamba askari vijana waache bunduki kambini wanapokwenda nyumbani mwisho wa wiki, vifo vya kujiua miongoni mwao vilipungua kwa takriban 40%. Vijana walikuwa walewale, na huzuni zao zilezile. Kilichoongezeka ni umbali kati ya kitanda na ghala.

Nia ya kufa, basi, mara nyingi hufanana na wimbi kuliko mto. Hupanda, hujaa, hushuka. Bunduki ni hatari zaidi kwa sababu haimpi mtu nafasi ya kuona wimbi likishuka: kwa makadirio ya wataalamu, wanaojipiga risasi hufa karibu 9 kati ya 10. Hapa ndipo wazo la uhuru linapohitaji kuchunguzwa upya. Heller aliuona uhuru kama kutokuwa na kizuizi kati ya mtu na mali yake. Lakini mtu aliye huru ni pamoja na yule wa kesho asubuhi, ambaye angependa kuulizwa. Kufuli linalomchelewesha wa leo usiku linamlinda huyo wa kesho, na wote wawili wana jina moja kwenye kitambulisho.

Msomaji wa Ruangwa, wilaya jirani ya Nachingwea, anaweza kusema haya ni ya Wamarekani. Nyumbani kwake hakuna bunduki. Ni kweli, ila nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, kando ya pampu ya mgongoni, kuna chupa na mifuko iliyobaki tangu msimu wa kupuliza mikorosho. Kiswahili kimeipa jina la upole, dawa: dawa ya unga ya ubwiriunga, dawa ya maji ya wadudu. Sehemu ya dawa hizo ni sumu kwa binadamu. Watafiti wanakadiria kwamba kati ya 14% na 20% ya watu wanaojiua duniani hutumia viuatilifu, wengi wao wakiwa vijijini katika nchi za kilimo. Sri Lanka, iliyofikia kilele cha vifo hivyo mwaka 1995, ilipiga marufuku viuatilifu vikali kimoja baada ya kingine. Kiwango kikashuka kwa zaidi ya 70%, na mavuno hayakuporomoka. Chupa nyuma ya mlango na bastola kwenye droo ya Mmarekani zinafanya kazi moja: zinafupisha muda.

Sheria ya Tanzania kuhusu kujiua, hata hivyo, inamtazama mtu na kuisahau chupa. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinamfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Nchini Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226, chenye maudhui hayohayo, kinakwenda kinyume cha katiba. Anayeogopa polisi hamwambii jirani usiku anapozidiwa, na familia inayoficha aibu haiendi zahanati mapema.

Inabaki hoja ya mkulima wa dunguni, nayo haijibiwi kwa takwimu za kujiua. Kusini kuna historia ya watu kuzuiwa silaha huku wanyama wakila mashamba. Sheria za uwindaji za Wajerumani zilibana uwindaji wa wenyeji wakati nguruwe pori wakiharibu mazao, na wapo wanahistoria wanaolihesabu hilo miongoni mwa sababu za Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uliwahesabu zaidi ya watu 560 waliouawa na simba nchini tangu 1990, na Lindi ilikuwa kati ya mikoa iliyoumia. Serikali nayo ina kumbukumbu yake: kati ya 2009 na 2013 tembo wa eneo la Selous walipungua kutoka kama 39,000 hadi kama 13,000, kwa risasi za majangili. Kila upande una wafu wa kuonyesha.

Ukimsikiliza mkulima vizuri, anachodai ni kilichoandikwa katika Ibara ya 14: hifadhi ya maisha yake kutoka kwa jamii. Bunduki anaitaja kwa sababu hifadhi imechelewa. Anayeshika ufunguo wa ghala amejitwika deni. Kama askari wa wanyamapori anafika siku ya tatu, na kifuta jasho kinafika msimu wa pili, hoja ya Heller itapata wafuasi hata Kilimarondo, na itawastahili.

Ruangwa na Nachingwea wanalijua deni la aina hii kwa sababu wanaliishi kila mwaka. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uingie kwenye korosho mwaka 2007, mkulima hupeleka mali yake ghalani na kurudi na karatasi. Korosho ni zake, ufunguo uko kwa mwingine. Pale malipo ya mnada wa RUNALI, chama kikuu chao cha ushirika, yanapowahi, hakuna anayesema ameporwa. Yanapochelewa, manung'uniko husikika hadi vilabuni. Kumiliki bila kushika kunawezekana, kwa sharti kwamba anayeshika awe mwaminifu na awe karibu. Sharti hilo ndilo linaloipa sheria ya silaha ya 2015 uhalali wake, na ndilo linaloweza kuuondoa.

Wakati serikali inadaiwa askari na magari, kuna jambo ambalo vijiji vinaweza kulianza bila kusubiri Dodoma. Kupuliza hushika kasi Juni na Julai. Mnada wa korosho hufunguliwa Oktoba. Katika miezi hiyo ya katikati, AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, inaweza kuwa na ghala tupu lenye kufuli mlangoni. Mkutano wa kijiji unaweza kuamua kwamba dawa ya maji ilale humo, kila mkulima achukue ya kutosha siku yake ya kupuliza, na funguo ziwe mbili, kwa watu wawili wanaoishi karibu.