Sifa ya Mlinzi

Vijana wakigawana nafasi kabla ya mpira kuanza, iwe Nyakakika wilayani Karagwe au mahali pengine popote nchini, karibu wote hutaka kuwa washambuliaji. Kazi ya beki huachiwa yule asiye na wa kumtetea. Tusiwalaumu upesi. Sisi wakubwa ndio tuliowafundisha kwamba mwenye sifa ni yule aliyefunga goli. Je, tumewafundisha kweli?

Tuukumbuke mwaka 1979, Taifa Stars ilipokuwa ikiwania nafasi ya kwenda Lagos kwa Kombe la Mataifa ya Afrika la 1980. Hapa nyumbani iliishinda Zambia goli 1 kwa 0. Kisha huko Ndola zikatoka sare, 1 kwa 1. Goli la Ndola alilifunga Peter Tino, na hata leo jina lake latajwa na watu ambao siku ile walikuwa hawajazaliwa. Astahili sifa hiyo. Lakini na tufanye hesabu: katika michezo yote miwili timu yetu ilipata magoli 2 tu. Yalitosha kwa sababu nyuma walikuwapo watu walioruhusu 1 tu. Zambia wangalifunga matatu, goli la Tino lingalisahauliwa zamani. Miongoni mwa walinzi wa timu iliyofika Lagos alikuwamo Leodegar Tenga, aliyekuja kuliongoza Shirikisho la mpira wa miguu nchini tangu 2004 hata 2013. Wengi wamjua kwa uongozi wake. Ni wangapi wawezao kutaja mpira mmoja alioutoa miguuni mwa mshambuliaji? Goli lililofungwa huandikwa. Goli lililozuiwa haliandikwi popote.

Basi, je, tendo lisiloacha alama ni tendo dogo? Twajibu: sivyo kabisa. Mkulima wa Nyakakika alijua jambo hili kuliko sisi. Tangu mnyauko wa migomba ulipoingia mkoani Kagera mnamo 2006, mwenye busara hukata ua dume la mgomba kwa kijiti chenye panda, na hupitisha panga motoni kabla ya kuhamia shina jingine. Wapita njia husifu mikungu yake. Hakuna asifuye ugonjwa ambao haukuja. Vivyo hivyo mama achemshaye maji kila siku: hakuna amshukuruye kwa homa ya tumbo ambayo mtoto hakuipata.

Lakini sharti tuseme na upande wa pili. Kwa kuwa mlinzi amekabidhiwa kitu chema, huweza kudhani kwamba kila alifanyalo kwa kukilinda ni halali. Beki mwingine humvunja mwenzake mguu kwa kusudi, kisha asema, “Niliokoa timu.” Mtume Paulo, akiwaandikia Warumi, alikwisha kuikataa hoja hiyo: haturuhusiwi kutenda ovu ili jema lipatikane. Na baba alindaye heshima ya nyumba yake kwa kipigo na vitisho, huyo halindi tena. Watoto wake wahitaji kulindwa naye.

Wakristu tunaye mfano ulio bora. Injili hazikuandika hata neno moja lililotoka kinywani mwa Mtakatifu Yosefu. Aliamka usiku, akamchukua Mtoto na Mama yake, akaenda Misri, Herode akamkosa. Hakumpiga mtu, wala hakuna aliyemshangilia njiani. Hata hivyo Kanisa zima lamwita msimamizi wake.

Ndugu wazazi, kijana akirudi kutoka kiwanjani, msimwulize magoli aliyofunga tu. Mwulizeni pia aliyoyazuia, na kama aliyazuia kwa haki. Kisha mtazameni yule ambaye kwa taabu yake nyumba yenu imelala salama, mkamwambie asante. Baba wa mbinguni aonaye sirini amekwisha kumhesabia; sisi nasi yatupasa kumhesabia.