WAZO LA LEO: Mikono Inayobaki

Mtu akiugua usiku kijijini Biliqo, hapa Isiolo, swali la kwanza ni gari, la pili ni nani yuko zahanati. Hapo ndipo thamani ya muuguzi inapojulikana.

Sista Leonella Sgorbati alilielewa hilo. Mtawa huyu wa Shirika la Consolata alizaliwa Italia mwaka 1940, akaja Kenya mwaka 1970. Aliwahudumia wagonjwa, kisha akafundisha wauguzi Nkubu, Meru, jirani na Isiolo. Baadaye akaenda Mogadishu kuanzisha shule ya uuguzi, ili Wasomali watibiwe na watoto wao wenyewe.

Tarehe 17 Septemba 2006 alitoka darasani, akavuka barabara kurudi nyumbani. Akapigwa risasi. Mohamed Mahmud, mlinzi wake Mwislamu, aliuawa akijaribu kumwokoa. Maneno ya mwisho ya Sista yalikuwa ya msamaha. Mwaka 2018 Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri.

Kwetu Isiolo, ambako adhana na kengele ya kanisa husikika katika mji mmoja, tuwakumbuke wote wawili. Damu yao ilimwagika pamoja, na hakuna aliyemuuliza mwenzake dini yake kwanza.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Leo mtembelee mgonjwa mmoja, hata asiye wa ukoo wako. Na binti au kijana wako akitaka kusomea uuguzi, usimkataze. Msomeshe, kisha umwombe arudi kuwatumikia watu wa kwao.