Mbwa Huyu ni wa Nani?

Masomo: Kutoka 21, mistari ya 28 na 29; Mithali 12, mstari wa 10.



Labda wengine wenu mtastaajabu mkiona gazeti letu likinena habari za mbwa. Mtauliza, Je, hakuna mambo makubwa zaidi ya kutufundisha? Twawajibu: Neno la Mungu halikuona haya kunena habari za ng'ombe na punda na mbwa, basi na sisi tusione haya. Maana mambo madogo ya uani ndiyo yaonyeshayo kama imani yetu ni ya kanisani tu, au ni ya nyumbani pia.

Kwanza twataka kuwaeleza jambo lililotokea katika mtaa wetu mmoja wa upande wa Rusumo, si mbali na barabara kuu iteremkayo darajani. Majina ya watu hatuyataji, kwa kuwa kosa lilikuwa letu sote.

Palikuwa na mwalimu aliyefuga mbwa jike, mwenye rangi ya udongo. Usiku mbwa yule alilinda nyumba ya mwalimu, na kanisa pia, hata mlinzi mwenyewe alilala kwa amani. Baadaye mwalimu alihamishiwa mtaa mwingine. Siku ya safari vyombo vilipakiwa katika lori, kuku wakafungwa miguu wakapakiwa, lakini mbwa hakupakiwa. Alilifuata lori mbio mpaka juu ya kilima, kisha akarudi peke yake, akalala mbele ya mlango uliofungwa. Sote tulimwona. Wazee walipokutana baada ya ibada, mmoja aliuliza, "Huyu tumfanyeje?" Tukajibu, "Mwacheni, si mbwa wa mtu." Na neno hilo likaonekana kuwa la busara.

Tangu siku ile alikula alichookota. Mchana alikwenda barabarani, mahali malori yaendayo Rwanda yanapongoja zamu, akagombania mifupa na mbwa wenziwe. Usiku alirudi kulala chini ya upenu wa kanisa, kama aliyeendelea na kazi ambayo hakuna aliyemwambia aiache. Watoto walimtupia mawe, nasi tukapita. Akachukua mimba, akazaa kichakani nyuma ya kanisa, wala hatukujua.

Jumamosi moja binti mdogo wa mjane alikwenda kuokota kuni kichakani pale. Mbwa akamrukia, akamwuma mguuni. Vijana wakaja na marungu, wakamwua mbwa saa ile ile. Mama wa mtoto alifika mbio, akauliza neno moja tu: "Mbwa huyu ni wa nani?" Ndugu zetu, tulinyamaza. Yule aliyemfuga alikuwa mbali. Na sisi tuliolindwa naye miaka mingi, hapana hata mmoja aliyefungua kinywa.

Bwana alitupa rehema. Mwuguzi mmoja aliyekuwa karibu alikiosha kidonda kwa maji mengi na sabuni, akamhimiza mama asingoje hata kesho. Mjane akauza mbuzi wake apate nauli na gharama, mtoto akapelekwa hospitali, akachomwa sindano zote, naye yu hai. Lakini hapana aliyeweza kumwambia yule mama kama mbwa alikuwa na kichaa au hakuwa nacho, maana tulikuwa tumekwisha kumwua na kumzika. Kama angalifungwa mahali salama na kuangaliwa siku 10, tungalijua.

Kesho yake, tulipokuwa tukiimba, vilio vidogo vilisikika nyuma ya ukuta. Mlinzi akatoka kutazama. Walikuwa watoto wa mbwa wanne, macho hayajafumbuka. Watatu wamekwisha kufa, mmoja angali hai. Ndipo tulipofahamu kwamba mbwa yule aliuma kwa kuwa alikuwa mama, naye alikuwa akilinda.

Sasa na tusikilize Neno. Katika Kutoka, Mungu asema habari za ng'ombe ampigaye mtu pembe akafa. Ng'ombe yule auawe; na kama hakujulikana kuwa mkali, mwenyewe hana hatia. Lakini kama tabia yake ilijulikana tangu zamani, na mwenyewe ameonywa, wala hakumzuia, damu ya mtu yule i juu ya mwenyewe. Angalieni vema: ng'ombe amekwisha kuuawa, lakini shauri halijakwisha. Mungu amtafuta mtu. Sisi tulidhani kwamba marungu yamemaliza shauri letu. Kumbe ndipo lilipoanza. Tulijua kwamba mbwa yule ana njaa. Tulijua kwamba hajachanjwa. Tulijua kwamba watoto wamemkasirisha kwa mawe. Kujua bila kutenda ndiyo hatia yetu.

Twasema, "Si mbwa wa mtu." Lakini mbwa hakuingia vijijini mwetu kama fisi, kwa kunyemelea. Wazee wa kale walimleta wenyewe, wakamfuga, wakawinda naye, wakamlaza mlangoni. Kwa hiyo mbwa asiye na mtu ni mbwa aliyekanwa na mtu. Nasi twakumbuka ni nani aliyeulizwa habari za ndugu yake, akajibu kwamba yeye si mlinzi wake.

Sisi tukaao kando ya Kagera tumekwisha kuona kwa macho jinsi ilivyo wanadamu wanapowakana wenzao. Mwishoni mwa Aprili 1994, muda wa siku moja, watu wapata 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara, na maji ya mto yalichukua maiti za waliouawa. Huko Rwanda, mbwa walioachwa bila mabwana walianza kula maiti, na askari wakawapiga risasi. Wengi waliwachukia mbwa wale. Lakini tuulize: nani aliyeanza kumwaga damu? Mnyama alikula kilichotupwa na mwanadamu. Kiumbe tuliyepewa tumtawale hufuata njia tunayomwachia; tukimwachia njaa na maiti, atakula maiti.

Wako wasemao, "Maandiko humtaja mbwa kwa dharau tu." Ni kweli kwamba mara nyingi jina lake ni la aibu. Lakini mkumbukeni Lazaro mlangoni pa tajiri: mwenye nyumba hakumjali, bali mbwa walikuja wakalamba vidonda vyake. Mkumbukeni na mama Mkanaani, aliyeitetea imani yake kwa mfano wa mbwa wadogo walao makombo mezani pa bwana wao. Naye Yesu aliisifu imani ile. Mithali yasema kwamba mwenye haki huangalia maisha ya mnyama wake. Hainenei mnyama wa maziwa peke yake. Naye Martin Luther alifuga mbwa nyumbani kwake Wittenberg, jina lake Tölpel. Siku moja alimwona amekaza macho juu ya kipande cha nyama, hatazami kingine, akasema kwamba natamani ningeweza kuomba vile mbwa huyu anavyoitazama nyama. Aliyemtunza mbwa alifundishwa naye kuomba.

Tena kumbukeni mafundisho ya Katekisimo Ndogo juu ya amri ya tano. Twafundishwa kwamba haitoshi kutomwua jirani. Yatupasa kutomdhuru mwilini mwake, na kumsaidia katika kila haja ya mwili. Basi mtu amwachaye mbwa wake atangetange bila chanjo, na asema kwamba hajamdhuru mtu, hajaifahamu amri hiyo.

Maana ugonjwa wa kichaa cha mbwa si mchezo. Hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa, huingia kwa jeraha, hufuata mishipa ya fahamu polepole mpaka ubongoni. Mara nyingi wiki au miezi hupita, na mtu hujiona mzima. Lakini dalili zikiisha kuonekana, karibu wote hufa. Duniani watu wapata 59,000 hufa kwa ugonjwa huo kila mwaka, na karibu wote wameupata kwa mbwa. Katika kila watu 10 waumwao na wanyama wanaodhaniwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Wala si ugonjwa usiozuilika. Mwaka 1885 Louis Pasteur, mtaalamu wa Ufaransa, alimchanja mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa, naye akapona. Na siku aliyokufa Pasteur, Septemba 28, ndiyo siku ya ulimwengu ya kukumbusha watu habari za ugonjwa huu. Wataalamu wametuonyesha kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia. Katika kisiwa cha Pemba mbwa walichanjwa mwaka baada ya mwaka, na mlipuko wa huko ukakomeshwa. Kinga ni bora kuliko tiba.

Basi, walimu na wazee, wasomeeni watu wenu haya:

Mtu asifuge mbwa wengi kuliko awezao kuwalisha. Mbwa apewe chakula na maji kila siku, na mahali pa kulala pasipovuja.

Bwana mifugo akitangaza siku ya chanjo, mbwa wote wapelekwe, hata watoto wao, na cheti kitunzwe pamoja na vyeti vya nyumbani. Asiyetaka mbwa wake azae, amwombe bwana mifugo amhasi. Kutupa watoto wa mbwa porini au sokoni ni dhambi na ukatili. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo yakataza kumtesa mnyama.

Mtu akiumwa, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, ndipo akimbizwe hospitali. Asipoteze siku kwa dawa za kienyeji.

Watoto wafundishwe wasimtupie mbwa mawe, wala wasimkaribie akila, akilala, au akinyonyesha.

Na yeyote anayehama, ahame na mbwa wake; au amkabidhi kwa mtu kwa jina lake, mbele ya mashahidi, kama akabidhivyo funguo za kanisa.

Yule mtoto wa mbwa aliyebaki, mlinzi alimlea kwa maziwa ya mbuzi, akakua. Sasa ndiye alindaye kanisa, na cheti chake cha chanjo kimo katika sanduku la usharika. Yule mjane tulimrudishia mbuzi. Lakini tulichelewa miezi mitatu, na haya hiyo tunayo hata leo. Jumapili tuliyompelekea, binti yake alikuwapo. Alimtazama mbwa mdogo kwa hofu kidogo, akatuuliza kama mama yake alivyouliza: "Huyu ni wa nani?" Safari hii wazee walijibu wote pamoja, "Ni wetu."

Ee Bwana, uliyewaumba wanyama ukawatia mikononi mwetu, utusamehe tulipowakana. Utupe macho ya kuwaona walalao milangoni petu, watu na wanyama, na kinywa cha kujibu utakapotuuliza. Amina.