Kabla ya Sinai

Masomo: Kutoka 1:15–21, Warumi 2:12–16, Luka 10:25–37



Wakunga wa Waebrania, Shifra na Pua, hawakuwahi kusikia Amri Kumi. Farao alipowaita na kuwaagiza wawaue watoto wa kiume wa Waebrania wakiwa ndiyo kwanza wanazaliwa, Musa mwenyewe alikuwa hajazaliwa, na Sinai ulikuwa mlima tu jangwani. Amri inayokataza kuua tunaikuta Kutoka sura ya 20, sisi bado tuko sura ya 1. Sheria iliyokuwa mbele ya wakunga wale ni ya mfalme, nayo iliwataka waue. Wakarudi kazini, wakawaacha watoto waishi. Maandiko yanatoa sababu moja tu: walimcha Mungu.

Nimewaanzia hapo kwa sababu ya swali ambalo vijana wetu wamekuwa wakiliuliza, na ambalo haifai kulijibu kwa haraka. Je, mwanadamu huzaliwa akijua jema na baya, au ni sheria na jamii zinazomfundisha? Wapo wasemao ukiondoa polisi, mahakama na macho ya majirani, mtu hana tofauti na mnyama. Mtume Paulo hakubaliani nao. Katika Warumi sura ya 2 anasema mataifa wasioijua torati hutenda yale inayoyataka, maana yameandikwa mioyoni mwao, na dhamiri zao ni shahidi. Mimi nasimama na Paulo. Ila tumsome mpaka mwisho, kwa kuwa hapo hapo anasema mawazo ya mtu hushtakiana na kuteteana. Shahidi yumo ndani, lakini na kesi nayo imo ndani, haijaamuliwa.

Angalieni watoto wadogo wakigawiwa chakula. Mpe mmoja maandazi mawili na mwenzake moja. Aliyepunjwa atalia papo hapo, na hakuna mtu aliyekaa akamfundisha haki. Aliyepewa mawili atakula kimya. Wote wawili wanaijua haki, ila kila mmoja anaiona haraka zaidi ikiwa ni yake. Hapo ndipo kazi ya malezi inapoanzia: kumfanya mwenye mawili aumie kwa ajili ya mwenye moja.

Ndiyo maana torati iliyokuja baadaye Sinai haikuwa kitu cha ziada. Katika Kumbukumbu la Torati 10:19 Israeli wanaagizwa kumpenda mgeni, na sababu wanayopewa ni kwamba wao wenyewe walikuwa wageni Misri. Mungu anaushika uchungu wanaoujua tayari, kisha anawavusha hadi kwa mtu wasiyemjali. Sheria njema hupanua dhamiri ili imfikie yule aliyeachwa nje. Na sheria mbaya? Hiyo huibana, na dhamiri iliyobanwa inaweza kukaa na mambo ya kutisha.

Hatuhitaji kwenda mbali kuliona hilo. Mwaka 1998, katika mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha, alihukumiwa mtu aitwaye Jean-Paul Akayesu. Alikuwa mwalimu, kisha mkaguzi wa shule, baba wa watoto watano, na tangu Aprili 1993 meya wa komuni ya Taba nchini Rwanda. Ndege ya Rais Habyarimana ilipotunguliwa tarehe 6 Aprili 1994 na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi kuanza, Akayesu alijaribu kuyazuia yasifike Taba. Majaji walilikubali hilo. Kisha tarehe 18 Aprili mameya wakaitwa kwenye mkutano na viongozi wa serikali ya mpito. Alirudi akiwa mtu mwingine. Waendesha mashtaka walisema alivua suti na tai, akavaa jaketi la kijeshi. Watu waliokimbilia ofisi yake kutafuta usalama walipigwa, wanawake wakabakwa, wengi wakauawa. Tarehe 2 Septemba 1998 akawa mtu wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari, na mwezi uliofuata akafungwa maisha.

Siku hizo kumi na mbili, kati ya tarehe 6 na 18 Aprili, zinanitesa kila ninapozifikiria. Kama Akayesu angekuwa hana dhamiri, angeanza kuua tarehe 7. Alijua. Kilichobadilika katika mkutano ule ni orodha ya watu anaopaswa kuwalinda, wala orodha hiyo haikutungwa siku ile. Tangu miaka ya 1930, chini ya Wabelgiji, kila Mnyarwanda alibeba kitambulisho kilichoandikwa kabila lake, na mwaka 1994 ndicho kilichokaguliwa kwenye vizuizi vya barabarani ili kujua nani apite na nani afe. Redio RTLM iliwaita Watutsi mende. Mauaji yenyewe yaliitwa kazi. Wanaume walitoka asubuhi kwenda kwenye kazi hiyo, jioni wakarudi kula na watoto wao, na wengi wao waliwapenda watoto hao kwelikweli. Dhamiri haikufa. Ilizungushiwa ukuta, na jirani akaachwa nje.

Nasi watu wa Kanisa hatuwezi kusimama pembeni kana kwamba hayatuhusu. Nyange, upande wa Kibuye, Watutsi wapatao 1,500 walikimbilia ndani ya kanisa. Padre wao, Athanase Seromba, alikubali libomolewe kwa tingatinga wakiwamo ndani. Mwaka 2008 mahakama ile ile ya Arusha ilimfunga maisha. Na mtu asiseme hayo ni ya Wakatoliki: mchungaji wa Kiadventista, Elizaphan Ntakirutimana, naye alitiwa hatiani mwaka 2003. Hawa walizisoma Amri Kumi maisha yao yote. Walikuwa na sheria ya Mungu kwenye karatasi na kinywani. Shifra na Pua hawakuwa na karatasi.

Wakati huo huo, Ruhango, aliishi mama mzee aliyejulikana kama mganga, Zura Karuhimbi. Alificha watu wapatao mia nyumbani kwake. Hakuwa na silaha. Alichuma majani yanayowasha, akajipaka yeye na nyumba yake, wauaji wakigusa wakawashwa. Wakikaribia mlango alitikisa bangili na chochote chenye kelele, akiwatishia kwamba mizimu itawaangukia. Wakaogopa, wakaondoka. Na haikuwa mara yake ya kwanza. Alisimulia kwamba katika machafuko ya 1959 alimsaidia mama wa Kitutsi kumfunga mwanawe shanga kichwani ili wauaji wadhani ni msichana. Wengine wanapenda kusema matendo ya namna hii hutoka hewani. Mimi naona mwanamke aliyewahi kuthubutu katika jambo la mtoto mmoja, na hatari ilipokuja kubwa zaidi ikamkuta na mazoea. Kwa mtu huyu maneno ya Paulo yanasimama wima, na sisi wenye Biblia kwapani tunapaswa kuinamisha vichwa.

Nirudi Nyange. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997, miaka mitatu kamili haijapita tangu kanisa libomolewe, waasi wenye bunduki waliingia katika shule ya sekondari ya hapo. Wanafunzi walikuwa madarasani wakijisomea. Wakaamriwa wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Watoto wale walijua vizuri maana ya amri hiyo, maana walikuwa wameyaona ya mwaka 1994 kwa macho yao. Upande mmoja ulikuwa na nafasi ya kuishi. Wakakataa, wakajibu kwamba wao ni Wanyarwanda. Walipigwa risasi na mabomu ya mkono. Baadhi walikufa pale pale, wengine wakabaki na majeraha. Rwanda inawaheshimu kama mashujaa wa taifa.

Kijiji kimoja, padre mtu mzima na wanafunzi. Mwenye elimu ya theolojia alishindwa na jambo ambalo vijana wale waliliweza usiku mmoja, bila muda wa kushauriana. Jibu langu kwa vijana wetu ni hili: Mungu ametuzaa na dhamiri, lakini nani anaingia ndani ya dhamiri hiyo tunafundishwa, kila siku, na wale tunaokula nao. Wanafunzi wale walikuwa wakisoma pamoja na kulala pamoja. Walipotakiwa wajitenge, waliotajwa mbele yao hawakuwa Wahutu wala Watutsi, walikuwa wenzao wa darasani. Na mwanasheria wa Luka 10, aliyeijua torati yote, hakumwuliza Yesu kama kupenda ni kuzuri. Aliuliza jirani yake ni nani, naye akasimuliwa habari za Msamaria.

Wazazi, walimu wa shule ya Jumapili, wazee wa kanisa: watoto wetu wanatusikia tunavyoongea mezani juu ya kabila fulani, juu ya wakimbizi, juu ya watu wa dini nyingine. Tukisema "watu hawa ndivyo walivyo", tumeshawapa somo, na mahubiri ya Jumapili hayatalifuta. Nawaomba tuanze wiki hii. Neno hilo likitoka mezani, anayelisikia alikemee pale pale, mbele ya watoto. Na msiba ukitokea kwa jirani asiye wa kabila lenu wala wa dini yenu, nendeni mkakae naye, na watoto mwende nao.