Ushuhuda juu ya Mgeni

Wazee wetu wamesema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Neno hili lafundisha ya kuwa mtu akila nasi na kulima nasi, ugeni wake hupungua. Walakini serikali haihesabu majembe. Yahesabu miaka, na mashahidi, na hati.

Hapa Kamanga, ng'ambo ya mji wa Mwanza, watu hushuka katika kivuko kila siku, na mialoni hufika wavuvi na wachuuzi wa dagaa kutoka pande nyingi, maana Ziwa hili ni la nchi tatu, Tanzania, Uganda na Kenya. Baadhi yao hukaa, huoa, huzaa watoto. Kisha siku moja mmoja wao humwendea mwinjilisti au mzee wa kanisa, akasema, "Mwalimu, niandikie cheti ya kuwa nilizaliwa hapa." Naye hakuzaliwa hapa. Je, kumwandikia ni upendo, au ni dhambi?

Kwanza yatupasa kuzijua njia zilizo halali. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 yataja njia tatu: kuzaliwa, kurithi kwa mzazi, na tajnisi, yaani mgeni kuomba uraia akapewa. Aombaye tajnisi sharti awe mtu mzima, awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyoitangulia miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka 7. Tena ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na mwenendo mwema, na nia ya kuendelea kukaa. Akikubaliwa huapa kiapo cha utii na kuukana uraia wake wa kwanza, kwa kuwa hapa mtu mzima hawezi kuwa raia wa nchi mbili. Lakini asiyetaka uraia, ila kukaa kwa kazi yake tu, ana kibali cha ukaazi: daraja A ni la mwenye mtaji wake, B la aliyeajiriwa, C la mwanafunzi, mmisionari na wengine kama hao.

Wako wasemao ya kuwa maswali haya yote ni ukatili. Mimi sioni hivyo. Kabla ya ndoa twatangaza kanisani, ili mwenye neno aseme. Vivyo hivyo ombi la uraia hutangazwa gazetini. Wenyeji wana haki ya kujua ni nani atakayepiga kura pamoja nao, na watoto wake kuirithi nchi pamoja na watoto wao. Kuuliza si kuchukia.

Lakini tusidhani ya kuwa hati ni jambo dogo. Mwaka 1972 Warundi wengi sana walikimbia mauaji kwao, wakapewa mashamba Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mwaka 2007 serikali iliwapa kuchagua, kurudi kwao au kuomba uraia. Mwaka 2010 watu wapatao 162,000 wakakubaliwa. Walakini vyeti havikuanza kutolewa mpaka mwaka 2014. Miaka ile yote walikuwa wamekwisha kuiacha nchi ya kwanza, na ya pili hawajaishika mkononi. Tena mwaka 2013 wageni wasio na hati katika Kagera, Kigoma na Geita waliamriwa kuondoka katika muda wa majuma mawili. Maelfu wakaenda. Kati yao walikuwako waliosema ya kuwa walizaliwa hapa, na wengine waliacha wake na watoto. Basi tusimshangae mtu atafutaye karatasi kwa machozi.

Hapo ndipo lilipo jaribu letu. Mtu mzima asiye na cheti cha kuzaliwa aweza kupeleka cheti cha ubatizo kuwa mojawapo ya hati za kumsaidia. Kwa hiyo kitabu cha ubatizo cha usharika si cha kanisa tu. Ni shahidi mbele ya serikali. Mwenye kalamu hujiambia moyoni: mstari mmoja tu, na nyumba moja itapata amani.

Amani gani? Uraia wa tajnisi uliopatikana kwa udanganyifu waweza kuondolewa, na hati ya uongo yaweza kumfikisha mtu mahakamani. Mtu yule atalala kila usiku akiogopa jirani mwenye kinyongo. Zaidi ya hayo, fikirini habari za bibi kizee aliyezaliwa kweli katika kijiji chetu, asiye na hati nyingine ila mstari wake katika kitabu kile. Siku serikali itakapoona mistari ya uongo, hata mstari wake hautasadikiwa. Huruma yetu kwa mmoja itakuwa imemwibia mwingine ambaye hakuwapo kujitetea.

Walakini wako wasemao, "Basi mimi sitaandika lo lote, mambo ya uhamiaji hayanihusu." Hao nao wamekosa. Katekisimo yetu, katika Amri ya Nane, haikatazi uongo tu. Yatuagiza pia kumtetea jirani na kunena mema yake. Ukijua ya kuwa mtu amekaa hapa miaka 15, amelima, amesomesha watoto, hana kesi, nawe ukanyamaza alipoulizwa habari zake, umemshuhudia uongo kwa kufunga kinywa. Ukweli wa namna hiyo ndio hasa sheria inaoutaka.

Basi, ndugu wainjilisti na wazee, andikeni yaliyomo kitabuni, wala msiongeze. Mgeni asiyezaliwa hapa, mwambieni njia ya tajnisi au ya kibali, mfuateni mpaka kwa Afisa Uhamiaji wa wilaya, na mtoe ushuhuda wa miaka yake na mwenendo wake bila kupokea fedha. Njia hiyo ni ndefu, na huenda akakataliwa. Hata hivyo atakuwa amesimama mbele ya nchi kwa jina lake mwenyewe, nasi tutakuwa tumesimama pamoja naye.