Mkono Uliofunga Njugu

Asubuhi ya safari niliamka kabla ya jogoo nikaenda jikoni kumfungia binti yangu vitu vya kupeleka Minnesota. Wakisii wamejaa kule, hasa pande za Minneapolis, na hakuna anayetoka kwetu Manga kurudi huko mikono mitupu. Nilifunga unga wa wimbi, mboga ya chinsaga iliyokaushwa, na njugu za kukaanga. Njugu nilizitia kwenye mkebe mtupu wa mafuta ya Kimbo, nikazishindilia kwa kiganja mpaka mfuniko ukakubali. Mjukuu wangu wa miaka minne akaingia akipikicha macho, akasema ana njaa. Nikamenya ndizi mbivu, nikakata kipande, nikamtia mdomoni kwa vidole vilevile.

Mtoto huyo ana mzio mkali wa njugu, aleji kama wengi wetu tunavyoiita. Nilijua. Nilikuwa nimeambiwa kwa simu mara mbili kabla hawajafika, na mara ya tatu walipofika, binti yangu akiwa amesimama mlangoni hata mizigo hajatua. Sikusahau. Kichwani mwangu hatari ilikuwa mtoto kula njugu, na mimi sikumpa njugu. Nilimpa ndizi.

Baada ya dakika chache alianza kujikuna midomo. Mdomo wa juu ukavimba, vipele vikatokea shingoni, akakohoa kikohozi kikavu, kifupi kifupi. Binti yangu alimlaza sakafuni, akafungua kijimkoba alichokuwa amekivaa kiunoni, akatoa sindano ile iliyo kama kalamu, akaikandamiza ubavuni mwa paja la mtoto juu ya suruali. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu. Kisha akasema, "Baba, hatuendi Kisumu. Tunaenda hospitali."

Na hapa naomba msomaji anisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi tutajikwaa. Katika dakika kumi mtoto alikuwa ameketi, uvimbe umeanza kushuka, anaomba maji. Ndege yao ya kutoka Kisumu kwenda Nairobi ilikuwa ya saa tano, na usiku wangepanda nyingine ya kuvuka bahari. Tikiti zilikuwa zimekula akiba ya mwaka mzima. Nilikasirika. Nilimwambia binti yangu kwamba dawa imefanya kazi, kwamba anatupa pesa kwa ajili ya vipele, kwamba barabarani kupitia Oyugis na Sondu kuna hospitali tele kama kutatokea jambo. Hakunijibu. Alimbeba mtoto garini, tukateremka Kisii.

Hospitalini walimpima, wakasema atakaa chini ya uangalizi. Niliangalia saa mara nyingi kuliko nilivyomwangalia mtoto. Saa tano na robo kikohozi kilirudi, na safari hii kifua kilikuwa kikipiga mluzi. Muuguzi alimdunga adrenalini kwa mara ya pili, wakamwekea oksijeni. Kwa saa hiyo, kama ningesikilizwa, mtoto angekuwa angani juu ya mashamba ya chai ya Kericho.

Madaktari wanalijua jambo hili. Mzio mkali unaweza kutulia baada ya sindano kisha ukarudi saa kadhaa baadaye bila mtoto kugusa tena kile chakula. Ndiyo maana aliyedungwa hupelekwa hospitali hata akiwa anacheka. Mimi sikujua. Nilidhani nafuu ni kupona.

Usiku ule, mtoto amelala, binti yangu alinieleza kwa nini hakubishana nami asubuhi. Alinisimulia kisa cha Natasha Ednan-Laperouse, msichana Mwingereza wa miaka 15 aliyekuwa na mzio wa ufuta, simsim kama tunavyosema huku kwetu.

Tarehe 17 Julai 2016 Natasha alikuwa uwanja wa ndege wa Heathrow, London, na baba yake Nadim na rafiki yake, wakienda Nice, Ufaransa, kwa likizo. Alinunua mkate mrefu uliojazwa mboga na zeituni kwenye duka la Pret a Manger. Alisoma karatasi ya mkate, baba yake naye akaisoma. Hapakutajwa ufuta popote. Lakini ufuta ulikuwemo, umekandwa ndani ya unga wenyewe, na jicho lisingeweza kuuona.

Koo lilianza kumwasha. Akanywa dawa ya mzio, ile jamii ya Piriton tunayoijua sote. Ndege ilipokuwa hewani, mwili ukatoka mabaka makubwa mekundu tumboni. Baba yake alimdunga kalamu ya kwanza, kisha ya pili. Hazikumsaidia. Moyo ukasimama. Daktari kijana aliyekuwa ndiyo kwanza amehitimu alikuwa miongoni mwa abiria, akapambana kuuamsha. Mama yake alikuwa Uingereza; baba alimwekea binti simu sikioni ili mama amuage. Natasha alifariki siku hiyohiyo huko Nice.

Mwaka 2018 mchunguzi wa vifo, Sean Cummings, alisikiliza ushahidi London. Nilipoanza kufuatilia mwenyewe, sehemu hii ndiyo iliyonikalia moyoni. Katika muda wa mwaka mmoja hivi kabla ya kifo kile, kampuni ilikuwa imepokea taarifa 9 za wateja waliodhurika kwa sababu ya ufuta, 6 kati yake zikihusu mikate ya aina hiyo. Tisa. Lakini kampuni ilikuwa ikiuza vyakula zaidi ya milioni 200, na mchunguzi aliona kwamba mbele ya hesabu hiyo taarifa zile zilichukuliwa kuwa kitu kidogo. Sheria ya wakati huo haikulazimisha chakula kinachotayarishwa dukani kiorodheshewe vitu vyote vilivyomo. Wazazi wake walipigania jambo hilo, na tangu tarehe 1 Oktoba 2021 chakula kinachofungwa na kuuzwa palepale kinapotayarishwa, kote Uingereza, lazima kiandikiwe kila kilichomo. Watu huiita sheria ya Natasha.

Ni rahisi kuilaumu kampuni, na ilistahili. Lakini nilipozihesabu zile taarifa tisa nilianza kuhesabu zangu.

Wiki ya kwanza ya ziara yao binti yangu alikwenda Nairobi siku mbili kushughulikia karatasi, akatuachia mtoto. Tulimpikia uji. Unga ulikuwa wetu wa kawaida, ule kila nyumba hapa huwachanganyia watoto ili wapate nguvu: wimbi, mtama, soya, omena kidogo, na njugu. Vyote hutiwa kwenye mashine kwa pamoja na hutoka unga wa rangi moja. Mtoto alionja, akasukuma kikombe, akasema mdomo unamwasha. Tukasema anadeka, amezoea vyakula vya Wazungu. Hiyo ni moja.

Jioni mashavu yalikuwa na vipele. Dada yangu, mwanamke aliyelea watoto wengi kuliko mimi, alimtazama akasema ni ebibiriria, kuna mtu mwenye jicho amemtazama. Nyumbani kwetu mtoto mwenye ngozi ya namna hiyo hupakwa siagi na kuviringishwa taratibu mpaka punje zinazoaminika kumshika ngozini zitoke. Alimkanda kwa upendo, na vipele vikaondoka, kama ambavyo pengine vingeondoka vyenyewe. Simcheki dada yangu. Mimi nilikuwa pale, nilikuwa nimeambiwa juu ya njugu na yeye hakuwa ameambiwa, na bado niliridhika na jibu lake kwa sababu halikunitaka nibadilishe chochote. Hiyo ni ya pili.

Ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi. Binti yangu aliporudi hatukumwambia. Tulikubaliana tusimtie wasiwasi. Angejua, angeuliza kuhusu unga, na mkebe wa Kimbo usingeingia jikoni.

Na usiku wa kuamkia safari nilimshauri aweke kile kijimkoba cha kiunoni ndani ya sanduku kubwa, maana kingemsumbua mahali pa ukaguzi. Alikataa. Sanduku lilikuwa limeshafungwa kwa kamba kwenye buti la gari asubuhi mtoto alipoanza kukohoa.

Wazazi wenzangu, na hasa babu na bibi wenzangu, naomba tuyashike machache. Piriton hutuliza mwasho na vipele, lakini haifungui koo linalofunga wala haiinui presha inayoshuka. Kazi hiyo ni ya adrenalini, na huwa na nguvu zaidi ikidungwa mapema, kwenye nyama ya paja upande wa nje. Aliyeipata alazwe, miguu iinuliwe, asisimamishwe. Akihema kwa shida aachwe aketi. Hali isipopata nafuu, ya pili hudungwa baada ya dakika 5 hadi 15, ndiyo maana kalamu hubebwa mbili. Kwa mtoto wa kilo 15 hadi 30 huwa ni ile ya miligramu 0.15. Kalamu hizi ni nadra kwenye maduka yetu ya dawa, na bei yake ni kubwa. Binti yangu alikuja nazo kutoka Marekani. Lakini adrenalini yenyewe, ile ya kichupa kidogo, si dawa ya kifahari. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani. Ukiwa na mtoto wa namna hii, nenda hospitali iliyo karibu nawe kabla ya siku ya shida, uulize kama wanayo.

Kuhusu ndege, watu wengi huogopa hewa. Mwaka 2014 katika ndege ya Ryanair iliyokuwa ikirudi Uingereza kutoka Tenerife, abiria waliombwa mara tatu wasifungue njugu kwa sababu kulikuwa na mtoto wa miaka minne mwenye mzio. Mtu mmoja safu kadhaa kutoka kwake akafungua. Mtoto alizidiwa, akadungwa adrenalini, akapona, na kampuni ikampiga marufuku yule abiria kwa miaka miwili. Nilipokisoma kisa hicho nilimhukumu yule bwana kwa dakika nzima kabla sijakumbuka vidole vyangu. Lakini watafiti waliochunguza hewa ya ndege wanaona kwamba vumbi la njugu halisafiri mbali, hutua. Hatari kubwa iko kwenye meza ya kukunja, mikono ya kiti, mkanda, na kile mtoto anachotia mdomoni. Meza ambayo abiria wa safari iliyopita alikulia njugu inaweza kuwa na mafuta yake, na mtoto wa miaka minne hulamba vidole.

Kwa hiyo sasa binti yangu huwaarifu watu wa shirika la ndege anaponunua tikiti, akawakumbusha wakati wa kukabidhi mizigo, akawakumbusha tena mlangoni mwa ndege, kwa kuwa wa kwanza huenda hakumwambia wa pili. Hubeba barua ya daktari. Chakula cha mtoto hukipika mwenyewe. Kalamu hazipandi kwenye kabati la juu wala haziingii sanduku linalokwenda tumboni mwa ndege. Na mtoto akiwa na dalili yoyote kabla mlango haujafungwa, hata mwasho wa midomo tu, hapandi. Ardhini kuna gari na muuguzi. Juu ya bahari, rubani akikubali kutua, bado kuna mwendo mrefu kabla ya magurudumu kugusa lami.

Walisafiri siku nane baadaye. Tulilipa faini ya kubadilisha tikiti, na nilichangia bila kuulizwa. Uji wa mtoto katika siku hizo ulitoka kwenye wimbi tupu ambalo mke wangu alilichagua punje kwa punje, akalisaga kwa jiwe nyumbani, kwa sababu mashine ya sokoni husaga njugu za watu wote. Ule mkebe wa Kimbo nilimpa jirani na njugu zake.

Uwanjani Kisumu niliinama nimuage mjukuu wangu. Alinyoosha mkono, kisha akaurudisha nyuma ya mgongo.

"Sokoro, umenawa?"

Nilimwonyesha viganja vyote viwili. Akavinusa kimoja kimoja, vikanuka sabuni, ndipo akanipa mkono.