Waajiri wanne katika safu moja

KABLA Mtume wetu Muhammad (S.A.W) hajapewa utume, mfanyabiashara kutoka Yemen alifika Makka akamuuzia bidhaa Al-As bin Wail, bwana mkubwa wa Kiquraishi. Bwana yule akachukua mali, akakataa kulipa. Mgeni hakuwa na ukoo wa kumtetea. Ndipo wakubwa wa koo kadhaa wakakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, wakaapa kusimama na kila aliyedhulumiwa. Kisha wakamwendea Al-As, wakaichukua mali ya mgeni na kumrudishia. Mtume, akiwa kijana, alihudhuria kiapo kile, na baada ya utume alikisifu.

Ndugu zangu, wale walikuwa wenye mali, na aliyeshikwa ni mwenye mali mwenzao.

Hapa kwetu waajiri nao wana vyama. Enzi za NUTA, iliyoundwa 1964, walikuwa wakizungumza na chama kimoja tu cha wafanyakazi, kilichokuwa chini ya TANU. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilibadili mambo. Mwajiri akimwachisha mtu kazi, ni yeye anayetakiwa kuthibitisha kuwa alikuwa na sababu ya haki na alifuata utaratibu. Aliyeachishwa ana siku 30 za kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iliyoanza kazi 2007. Basi vyama vya waajiri vikabadilika navyo, vikawa vinafundisha wanachama sheria na kuwatetea mbele ya Tume.

Si vibaya. Ajuaye utaratibu hafukuzi mtu kwa hasira. Lakini nauliza, mafunzo hayo ni ya kutoa haki au ya kukwepa kesi? Mtu anaweza kuandika barua za onyo, akaitisha kikao cha nidhamu, akajaza kila fomu, na bado akala jasho la mwenziwe. Tume itaziona karatasi. Allah (S.W) anaona na kilichomo moyoni.

Wako pia wenzetu wa maduka na mashine za kusaga, wasio katika chama chochote. Huajiri kijana bila mkataba wa maandishi, humwita "mdogo wangu", na mwisho wa mwezi humwambia biashara mbaya. (Zikija harusi za nyumbani kwao, biashara huwa nzuri.)

Sheria ile yasema waajiri wanne wanatosha kuunda chama, ilhali wafanyakazi hutakiwa 20. Wanne hawakosekani katika safu moja ya Ijumaa. Wakae baada ya sala, waapiane kama walivyoapiana wale wa Makka, kisha waanze kwa jirani yao ambaye kijana wake hajalipwa tangu Mfungo Mosi.